Nchi Niliyodhani Naijua

Nilimchagulia mhusika wangu nchi ya asili kwa sababu mbili, na zote zilikuwa mbovu. Ya kwanza, nchi hiyo ilikuwa na pointi nzuri. Ya pili, nilidhani naijua tayari. Ile ya kwanza ni uroho wa kawaida wa mchezaji na haikumuumiza mtu. Ya pili ilitupotezea mwenzetu mezani. Kosa lilikuwa langu, si la kitabu wala la mwongoza mchezo.

Kwa asiyeijua michezo hii, iko hivi. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja anaongoza: anausimulia ulimwengu wa kubuni, anawasemea wafalme, wachuuzi na majambazi. Kila mmoja wa waliobaki anambeba mtu mmoja wa kubuni, anaamua huyo mtu atasema nini na atafanya nini, na jambo likiwa la shaka, dadu zinaamua. Mchezaji ana karatasi moja mbele yake yenye jina la mhusika, uwezo wake kwa namba, na mahali alikotoka. Dungeons & Dragons, mchezo ulioanzisha biashara hii, ulitoka Marekani mwaka 1974. Sisi tulikuwa tukicheza mdogo wake, RuneQuest, uliozaliwa 1978 na kuchapishwa upya 2018. Tulikuwa Arusha, jioni za Ijumaa, sebuleni kwa rafiki aliyesoma ng'ambo akarudi na begi la vitabu na mfuko wa dadu zenye pande kumi.

Katika michezo mingi ya aina hii, mahali alikotoka mhusika ni mapambo. Kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons cha mwaka 2014, kwa mfano, kinampa binadamu makabila tisa ya kuchagua, kila moja na aya fupi ya rangi ya ngozi na nywele, pamoja na orodha ya majina. Unaweza kuiruka sehemu hiyo na ukacheza miaka mingi bila kupungukiwa na kitu.

RuneQuest haikuruhusu kupita kirahisi hivyo. Inachezwa katika ulimwengu unaoitwa Glorantha, ambao Mmarekani Greg Stafford alianza kuubuni mwaka 1966 na kuendelea kuujenga hadi alipofariki 2018. Humo karibu kila kitu kinaanzia kwenye swali ambalo sisi huku tunalijua vizuri: kwenu wapi? Kitabu kinakupa nchi sita. Kuna Sartar ya koo za milimani, zinazomwabudu Orlanth, mungu wa dhoruba. Kuna Esrolia, inayotawaliwa na mabibi. Kuna Grazelands ya wafuga farasi. Kuna Tarsh mbili, moja iliyo chini ya Himaya ya Mwezi Mwekundu na nyingine iliyoikataa. Na kuna Prax, nyika kavu ya wafugaji wanaohamahama, wasiotaka hata kumwona farasi, wanaopanda nyati wenye manyoya, lama warefu, swalapala na palahala.

Nchi utakayochagua inaamua lugha unayoongea, silaha uliyokulia nayo na miungu uliyofundishwa kuiogopa. Inakupa hata mapenzi na utiifu wako kwa asilimia: unaipenda familia kiasi gani, utaufia ukoo wako kwa kiasi gani. Kisha unatupa dadu kujua babu au bibi yako alifanya nini katika vita vya zamani, na mzazi wako alifia wapi. Kabla hujasema neno moja mezani, tayari una marehemu wa kuwakumbuka.

Mimi nikafungua ukurasa wa Prax nikaona swalapala. Ninaishi Arusha, swalapala nimewaona hadi nikachoka. Nikaona wafugaji, nyika, mikuki, ukame. Nikasema moyoni: hawa nawajua. Hawa ni Wamasai.

Nikanakili namba za jedwali kwenye karatasi yangu. Kupanda mnyama, juu. Mkuki, juu. Kuhusu wazazi, dadu zikasema baba wa mhusika wangu aliuawa Moonbroth, katika vita vya mwaka 1610 ambamo jeshi la Himaya liliwavunja wafugaji wa Prax. Nikaandika "baba: amekufa" na nikaendelea. Sikusoma zaidi ya hapo.

Inanibidi nieleze kwa nini jambo hili linaniaibisha kuliko ambavyo lingemwaibisha mtu mwingine. Mimi ndiye niliyekuwa mhubiri wa kikundi. Mimi ni mtu wa Tanga, na nimekulia nikisikia kwamba Tanga ni majini na uganga, utani ambao huchekesha mara mbili za kwanza tu. Kwa hiyo nilikuwa na masikio makali. Rafiki yetu alipotuonyesha Al-Qadim, kitabu cha mwaka 1992 chenye nchi ya kubuni iliyoshonwa kwa hadithi za Kiarabu, nilitoa hotuba kuhusu majini. Alipotuonyesha Tomb of Annihilation ya mwaka 2017, ambayo inawapeleka wachezaji Chult, rasi ya msitu mnene, maradhi, magofu na mashindano ya mbio za dinosaria mjini, nilitoa hotuba ndefu zaidi, jinsi bara zima linavyokorogwa kwenye sufuria moja na majina kuokotwa huku na kule. Nilizungumzia hata Mwangi Expanse ya mchezo wa Pathfinder, kwamba msitu mzima umepewa jina la kijana wa Kikikuyu. Nikakiri kwa ukarimu mkubwa kwamba kitabu chake cha mwaka 2021, ambacho baadhi ya waandishi wake wana asili ya Afrika, kilijitahidi kurekebisha mambo. Niliongea kama mtu aliyeombwa kutoa mada.

Dada mmoja mezani, mhasibu, mtu asiye na maneno mengi, alinisikiliza hotuba zile zote. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Nilidhani ananipongeza.

Dalili za kosa zilianza mapema. Kwenye kikao cha kwanza, mhusika wangu alifika sokoni akauliza bei ya farasi. Mtu wa Prax, anayemchukia farasi tangu tumboni mwa mama yake, anauliza bei ya farasi. Mwongoza mchezo akacheka kwa upole akasema, "Una hakika?" Nikasema natania. Sikuwa natania. Sikujua.

Baada ya hapo nikajihami kwa njia ambayo watu wengi wasiojua kitu hujihami nayo: nikachekesha. Mhusika wangu akaanza kuongea Kiswahili cha Kimasai, kile cha vichekesho vya runingani, cha kuchanganya ngeli, kuvuta maneno na kuanza kila sentensi kwa "Ero". Akawa anaulizia nyama kila wanapofika. Akashangaa mlango, akaogopa ngazi, akataka kulipa deni la mkate kwa ndama. Watu wakacheka. Ijumaa iliyofuata wakasubiri achekeshe tena, na mimi nikajiandaa nyumbani. Ndiyo, nilikaa nyumbani nikatunga vichekesho vya lafudhi, wakati kitabu cha kurasa zaidi ya mia nne kilikuwa kwenye meza ya rafiki yangu na ningeweza kukiazima siku yoyote.

Ninapotazama nyuma naona jinsi jambo lilivyoota taratibu bila mtu kulipanda kwa makusudi. Namba zilinipa mhusika asiye na roho. Nilihitaji kumtia roho haraka, maana watu wananitazama. Mkononi sikuwa na kitu chochote kutoka Prax, kwa kuwa sikuwa nimesoma. Nilichokuwa nacho ni mlinzi wa getini kwetu, msusi wa nywele niliyewahi kumwona Kariakoo, na wachekeshaji wa televisheni. Basi nikachukua hao. Na kwa sababu walifanya kazi, kwa maana ya kwamba watu walicheka, sikuona sababu ya kutafuta kingine.

Mwenzangu mmoja alichagua Tarsh iliyo chini ya Himaya. Katika maisha yake hakuna kitu kinachofanana na mungu wa kike aliyepaa mbinguni akawa mwezi mwekundu, kwa hiyo alilazimika kusoma. Alisoma nini kinawavuta watu kwenye dini ile, kwa nini majirani wanaichukia, na kwa nini mtu mwema anaweza kuipigania. Mhusika wake alikuwa mtu kamili kufikia kikao cha tatu. Yeye alijua kwamba hajui. Mimi nilikuwa na bahati mbaya ya kukutana na kitu kilichofanana na jirani yangu.

Kisha ikaja jioni yenyewe.

Wahusika wetu walikuwa wakivuka Prax kwenda mji wa Pavis. Walivamiwa, wakapigana, wakashinda. Swalapala wa mhusika wangu alivunjika mguu. Mwongoza mchezo akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Hatasimama tena. Utafanya nini?"

Nikamjibu kwa sauti yangu ile. Nikasema, "Ero! Leo nyama!"

Wawili wakacheka. Mwongoza mchezo hakucheka. Akasema, "Sawa. Una asilimia ngapi za mchinjo wa amani?"

Nikatazama karatasi. Namba ilikuwepo. Ilikuwa kwa mwandiko wangu, nimeiandika mwenyewe, na sikuwa na habari ni namba ya nini. Nikauliza, "Hiki ni kitu gani?"

Aliyejibu ni yule dada. Alikuwa anacheza mfanyabiashara wa Sartar, mfuasi wa Issaries, mungu wa biashara na mazungumzo. Hakuwa na sababu yoyote ya kimchezo ya kujua mambo ya Prax. Akasema bila kufungua kitabu: "Ni namna ya kumchinja mnyama kwa dua, ili roho yake irudi kwa Eiritha, mama wa mifugo, na azaliwe tena. Ukimwua hivihivi, umempoteza. Kwao si mzaha."

Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimeumbuka mbele ya watu, na mtu aliyeumbuka hutafuta kicheko cha kumfunika. Nikamjibu kwa lafudhi ileile, nikivuta maneno, kwamba nimesikia, mama.

Akanitazama. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kaka, baba yangu anaongea Kiswahili hivyo hivyo."

Hakuongeza neno. Hakukasirika, au kama alikasirika hakutupa kazi ya kumtuliza. Mimi nikachukua dadu nikatupa, kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Nikakosa.

Nilichokitambua wakati ule hakikuja kama wazo moja. Kwanza nilitambua kwamba sikuwahi kumwuliza kwao ni wapi. Tulikuwa tumekaa meza moja muda mrefu, tumejuana wazazi wa kubuni hadi babu, na sikujua kwamba kwao ni Simanjiro, Umasaini. Anaongea Kiswahili kama mimi, kwa hiyo nilimweka upande wangu, upande wa wanaocheka. Kisha nikaanza kurudisha nyuma vicheko vyote vya Ijumaa zote nikitafuta chake. Sikukipata. Halafu nikazikumbuka hotuba zangu kuhusu Chult na majini, na yeye akitikisa kichwa. Alikuwa anakubaliana na kila neno. Alikuwa anasubiri tu nilisikie mwenyewe.

Siku chache baadaye mwongoza mchezo aliniambia jambo ambalo ningependa nisingelijua. Siku ya kutengeneza wahusika, dada yule alikuwa amekuja akiitaka Prax. Alikuwa ameazima kitabu wiki iliyotangulia akasoma. Alipofika mezani alinikuta nimeshaijaza karatasi yangu, nikitangaza kwa sauti kwamba Prax ni yangu, naye akachukua Sartar. Kwa hiyo aliyejua alikaa kando akatazama asiyejua akiharibu.

Nilikisoma kitabu baada ya hapo. Kuchelewa hakukipunguzii utamu, na hilo nalo lilikuwa adhabu kidogo.

Wafugaji wa Prax wanasimulia kwamba nchi yao haikuwa nyika tangu mwanzo. Vita vya miungu ndivyo vilivyoikausha. Malisho yakawa hayawatoshi wote, watu na wanyama, na wote walikuwa na akili sawa. Mungu wao Waha akaja na agano: washindane, watakaoshinda wale nyama, watakaoshindwa wapoteze akili na kula majani. Katika karibu mashindano yote watu walishinda. Katika moja walishindwa, na ndiyo maana hadi leo kuna kabila la viumbe wanaoitwa morokanth, wenye sura ya mnyama, wanaochunga binadamu wasio na akili kama ng'ombe. Kwa mtu wa Prax, basi, kila kundi la mifugo ni ukumbusho kwamba mambo yangeweza kwenda kinyume. Anayekula alikaribia kuwa anayeliwa. Ndiyo maana anachinja kwa dua. Ni deni.

Huyo ndiye mtu niliyepewa nimcheze. Mwana wa marehemu wa Moonbroth, mwenye deni kwa kila mnyama aliyemla, anayeipita ardhi ambayo mababu zake wanasema iliuawa. Mimi nikamfanya aogope ngazi.

Na zingatia kwamba nilikosea mara mbili kwa wakati mmoja. Niliwakosea Wamasai, kwa kuwageuza vazi la kuchekeshea. Niliikosea pia Prax, maana watu wa Prax si Wamasai. Hawana ng'ombe wa Simanjiro, hawana rika wala ilani za wazee wa huko. Wana agano lao, chuki yao kwa farasi, na makabila yao yanayoibiana mifugo na kuzozana kwa sababu zao wenyewe. Ufanano niliouona ulikuwa wa juujuu, mikuki na vumbi. Stafford alibuni watu wake kwa makini, nami nikawafunika kwa kichekesho nilichokuwa nacho mfukoni.

Kwa muda nilijitetea. Nilijiambia kwamba ni mchezo tu. Lakini huwezi kutoa hotuba tatu kuhusu vitabu vya mchezo halafu useme ni mchezo tu zamu yako ikifika. Nikahamia kwenye utani: kwetu Tanzania makabila hutaniana, hata msibani. Utetezi huu ulikaa kichwani mwangu siku kadhaa hadi nilipouchunguza. Utani una masharti yake. Mtani anajulikana, anajibu, na akijibu unapokea. Mimi na dada yule hatukuwa watani. Sikujua hata kwamba ninamtania. Na muda wote ule ni mimi tu niliyekuwa na zamu.

Gharama yake ni hii. Yule dada alimaliza kikao kile, akaaga kila mtu, akaniaga na mimi. Ijumaa iliyofuata hakuja, wala nyingine. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu za hadithi yetu kwenye daftari. Hakutunyima daftari, alimpa mwongoza mchezo, lakini hakuna aliyeweza kuendelea kuandika kama yeye. Tukacheza muda kidogo, watu wakaanza kuwa na udhuru, kisha tukaacha. Hadithi yetu iliishia njiani kwenda Pavis. Nikikutana naye mjini tunasalimiana vizuri, na salamu inaishia hapo.

Nilimwomba radhi, na hata hapo nilikosea. Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa mrefu. Nilieleza nilichokusudia, nikaeleza mapenzi yangu kwa wafugaji, nikaeleza kwamba na mimi natoka sehemu inayochekwa. Niliusoma tena baada ya kuutuma nikaona kwamba karibu kila sentensi ilikuwa na neno "mimi". Alinijibu kwa ustaarabu kwamba amenielewa na yameisha. Baadaye nikatuma mwingine wa mistari miwili: kwamba nilikosea, kwamba naomba radhi kwake na kwa baba yake. Ule haukujibiwa. Sikuutuma ili ujibiwe, au angalau najaribu kuamini hivyo.

Sasa nikisema nawe, msomaji ambaye huenda kesho ukakaa mbele ya karatasi tupu na dadu, siwezi kukuambia uchague nchi usiyoijua tu, au ukae mbali na chochote kinachofanana na majirani zako. Hilo lingekuwa jibu la mwoga, na lingetuacha tukicheza Waingereza wa kale maisha yetu yote. Mfano wa dada yule unaonyesha kinyume. Angeicheza Prax vizuri kuliko sote, kwa kuwa alikuwa na mambo mawili: alikulia kwenye mifugo, na bado alisoma. Kujua kwake hakukumzuia kufungua kitabu. Kwangu, kudhani najua ndiko kulikokifunga.

Ninachofanya siku hizi ni kuanza na dini na marehemu kabla ya namba. Najiuliza huyu mtu anaogopa kumkosea nani, anakula nini na kwa masharti gani, alizika nani. Majibu yakinijia haraka kabla sijafika ukurasa huo kitabuni, nayashuku, kwa sababu yanatoka kwenye televisheni. Lafudhi nimeiacha kabisa. Mhusika wa kigeni anaweza kuongea Kiswahili fasaha. Kwao ana lugha yake, na katika lugha hiyo hakosei ngeli. Na kabla ya kuchagua nauliza mezani ni nani mwingine anaitaka nchi ile. Swali hilo lingechukua nusu dakika siku ile, na lingetosha.

Nimepata meza nyingine. Safari hii nimechukua Esrolia, nchi ya mabibi, na mhusika wangu anatoka Nochet, jiji kubwa la huko. Nimesoma kabla ya kujaza kitu. Nilikuwa na hakika kwamba nimepona. Kwenye kikao cha kwanza bibi mkuu wa ukoo wetu alitakiwa kutoa uamuzi, mwongoza mchezo akaniachia nimsemee, nami nikafungua mdomo akatoka bibi yangu wa Pangani, na kanga yake, na tambuu yake, na mafumbo yake. Bibi wa Esrolia ana nguvu ya kuvunja ndoa za wafalme na kuhesabu ghala la jiji zima. Mimi nikampa kiti cha barazani na umbea.

Meza hii, kwa kuwa niliwasimulia yaliyotokea Arusha, ina sheria moja ndogo. Mtu yeyote akiona mwenzake anajaza nchi kwa yale aliyokuja nayo kutoka nyumbani, anasema "soma", na mchezo unasimama hadi aliyeambiwa afungue kitabu. Hakuna anayenuna. Wote wameshaambiwa. Anayeongoza kwa kuambiwa ni mimi, na wa pili hayuko karibu.